Meko ya Zamani Yanayofukiza Moshi: Jinsi ya Kuyatengeneza kwa Fedha Kidogo

Ndugu mkulima, ikiwa unakaa katika nyumba iliyoachwa na Mzungu aliyekuwa na shamba kabla halijagawanywa, bila shaka unayajua yale meko makubwa yaliyojengwa ukutani katika chumba cha kukaa. Nyumba za namna hiyo ziko Kinangop, Ol Kalou, Ol Joro Orok na kwingineko. Zilianza kupata wenyewe wapya tangu mwaka 1962, Serikali ilipoanzisha mpango wa kununua ekari milioni moja katika nyanda za juu ili wakulima Waafrika wauziwe vipande kwa mkopo. Baadhi ya nyumba hizo zilifanywa shule au ofisi, na nyingine zinakaliwa na wana na wajukuu wa wale waliofika kwanza. Tena wako wakulima waliojenga nyumba zao wenyewe za mawe, wakamwambia fundi awawekee meko kama yale waliyoyaona katika nyumba kubwa, naye akayaiga kosa kwa kosa.

Meko hayo yana ubaya wa namna mbili. Yanakula kuni kama tanuri la matofali, na yanarudisha moshi chumbani. Mwezi wa Julai, wakati barafu nyembamba inapoonekana asubuhi juu ya majani ya viazi, watu wa nyumbani huwasha moto jioni, kisha hulazimika kufungua mlango ili wapate kupumua. Basi joto lote hutoka na baridi huingia. Walioketi mbele wanaungua magoti, na migongo yao inatetemeka.

Moshi si jambo la kuvumilia tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani, na wengi wa wanaodhurika ni mama na watoto wadogo, maana ndio wanaokaa karibu na moto. Mtoto anayekohoa kila msimu wa baridi huenda hana ugonjwa mwingine ila meko ya baba yake.

Watu wengine wameziba meko hayo kwa mawe na simenti wakasema yamekwisha. Wengine wameyaacha yawe mahali pa kuku kutagia. Naona ni hasara, kwa kuwa ukuta wa nyuma na dohani, ambayo wengi huiita chimni, ndiyo kazi kubwa na ya gharama, nayo imekwisha kufanywa. Kinachohitajika ni matofali ya kuchoma kama mia moja, udongo wa mfinyanzi, mchanga, kipande cha bati nene la pipa kuukuu, debe moja la chokaa, na fundi wa kujenga kwa siku mbili au tatu. Kama una mkono wa kazi, fundi utamhitaji kwa vipimo tu.

MAJARIBIO MATATU KABLA YA KUTOA HATA SENTI

Usimwite fundi bado. Kwanza tafuta moshi unarudi kwa sababu gani, kwa maana sababu ni nyingi, na nyingine hazihitaji tofali hata moja.

Jaribio la kwanza ni la dirisha. Washa moto kama kawaida, na moshi ukianza kurudi, fungua dirisha kiasi cha inchi moja. Moshi ukikoma, basi meko yako hayana kosa, ila chumba kimezibwa mno. Moto hauwezi kupeleka moshi juu usipopata hewa kutoka chini. Huenda umeweka dari mpya, ukaziba nyufa za sakafu, ukapigilia magunia mlangoni. Acha tundu dogo karibu na meko, na shauri limekwisha.

Jaribio la pili ni la kuni. Tumia kuni zilizokauka kweli, siyo zile ulizokata juma lililopita. Kuni mbichi huwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Moto unapoteza nguvu kuyachemsha maji hayo, na moshi wake ni mzito na baridi, hauna nguvu ya kupanda.

Jaribio la tatu ndilo lenye maana zaidi. Chukua kipande cha bati refu kupita upana wa mdomo wa meko. Moto ukiwa unawaka, mshike mwenzako upande mmoja, wewe upande mwingine, mliweke bati juu kabisa ya mdomo, kisha mlishushe polepole, inchi moja moja. Vaeni kitambaa mikononi. Mtafika mahali ambapo moshi unaacha kutoka. Pigeni alama ya mkaa ukutani mahali hapo. Alama hiyo inakuonyesha mdomo wa meko yako unazidi kiasi gani, nayo ina thamani kuliko maneno ya mafundi kumi.

KWA NINI MDOMO MKUBWA NI MBAYA

Wengi hufikiri kwamba meko makubwa yana joto kubwa. Sivyo. Katika meko ya wazi ya zamani sehemu kubwa ya joto huenda juu na moshi, na kinachobaki chumbani ni kidogo. Tena dohani haiwezi kumeza zaidi ya inavyotoshea. Kanuni wanayoitumia wajenzi ni kwamba eneo la ndani ya dohani lisiwe chini ya sehemu moja katika kumi ya eneo la mdomo wa meko.

Tufanye hesabu. Tuseme dohani yako kwa ndani ni inchi 9 kwa 9. Hiyo ni inchi za mraba 81. Mara kumi ni 810. Sasa pima mdomo. Ukikuta upana ni inchi 42 na urefu wa kwenda juu ni inchi 36, eneo lake ni inchi za mraba 1,512, yaani karibu mara 19 ya dohani. Meko kama hayo yatafukiza hata ukichoma kuni zilizokaushwa miaka mitatu. Lakini ukiupunguza mdomo uwe na upana wa inchi 30 na urefu wa inchi 27, utapata 810 kamili.

Kina nacho kina kosa lake. Meko ya zamani yana kina cha futi mbili, na moto hukaa huko ndani kama mbwa pangoni. Pande zake zimenyooka, kwa hiyo zinaangaliana zenyewe badala ya kuwaangalia watu. Kosa hili si geni. Katika miaka ya 1790 mtu mmoja mzaliwa wa Marekani, Benjamin Thompson, aliyejulikana kwa jina la Count Rumford, aliwaonyesha watu wa London kwamba meko yakipunguzwa kina, pande zikafunguka kuelekea chumbani, na koo la dohani likafanywa jembamba, moshi hupanda na joto hurudi kwa watu. Mafundi wake hawakubomoa nyumba. Walijenga meko madogo ndani ya meko makubwa. Ndivyo nasi tutakavyofanya.

DOHANI KWANZA

Usijenge kitu kabla hujaitazama dohani. Ingiza kioo kidogo chini yake mchana na utazame juu. Ukiona mwanga wa mbingu, vizuri. Usipoona, kuna kiota, au majani, au nyuki. Nyuki usiwaunguze, mwite mfugaji nyuki aje jioni, awatoe, na pengine atakuachia asali.

Kusafisha si kazi ngumu. Jaza gunia nyasi kavu, weka jiwe katikati ili lipate uzito, funga kamba pande zote mbili. Mtu mmoja awe juu ya paa mwenye ngazi iliyofungwa vizuri, mwingine awe chini, na gunia livutwe juu na chini mpaka masizi yaishe kuanguka. Mdomo wa meko ufunikwe kwa gunia lililoloweshwa, la sivyo mama wa nyumba atakufukuza wewe na fundi wako.

Masizi laini meusi hutoka upesi. Yale yaliyoganda kama lami ndiyo ya hatari, nayo hutokana na kuni mbichi na kuni zenye utomvu mwingi. Hayo huweza kushika moto ndani ya dohani, na moto huo hunguruma kama lori linalopanda mlima. Ukitokea, watoe watu nje, ziba mdomo wa meko kwa bati ili hewa isiingie, na usimwage maji ndani ya dohani yenye moto, maana matofali yatapasuka.

Baada ya kusafisha, fanya jaribio la moshi. Washa nyasi mbichi chini, na moshi ukianza kutoka juu, mtu aliye kwenye paa afunike dohani kwa gunia lililoloweshwa kwa dakika chache. Mwingine apande darini atazame. Mahali popote moshi unapotoka kwenye ukuta wa dohani pana ufa, na mahali pale pale cheche itaweza kutoka siku moja usiku, watu wamelala. Nyumba nyingi za zamani zina boriti zinazokaribiana na dohani, na paa nyingine ni za mbao. Ziba nyufa zote, na boriti iliyogusa dohani ikatwe na kuegemezwa kwingine, ibaki nafasi ya inchi mbili au zaidi. Kazi hii haina uzuri wa kuonwa na wageni, lakini ukiwa na fedha za kazi moja tu, fanya hii na uache nyingine zote.

Urefu wa dohani nao utazamwe. Ipite paa kwa futi 3 mahali inapotokea, tena izidi kwa futi 2 kitu chochote kilicho umbali wa futi 10 kuizunguka, hata kama ni mgongo wa paa lenyewe. Mara nyingi Mzungu alipanda miti ya saipresi kuzuia upepo wakati ilipokuwa fimbo tu, na leo imeipita nyumba mara tatu. Upepo unaopita juu yake huangukia dohani na kuusukuma moshi chini. Punguza miti iliyo karibu, au ongeza mistari minne au mitano ya matofali. Jiwe bapa juu ya matofali manne ya pembeni litazuia mvua, mradi nafasi za pembeni zisiwe ndogo kuliko tundu la dohani.

KUJENGA MEKO MADOGO NDANI YA MAKUBWA

Chagua matofali yaliyochomwa sawasawa, yanayolia ukiyagonganisha. Usitumie mawe ya mtoni. Yana maji ndani, na yakipata moto huweza kupasuka na kurusha vipande.

Saruji ya kawaida isitumiwe mahali panapoguswa na moto. Itashika mwezi mmoja, kisha itakuwa unga. Tumia udongo wa mfinyanzi, au udongo wa kichuguu, pamoja na mchanga. Anza na karai moja la udongo kwa makarai mawili ya mchanga, na ukiweza, ongeza vumbi la matofali yaliyopondwa. Tengeneza donge, uliweke kivulini likauke. Likipasuka, ongeza mchanga. Likimomonyoka ukilifinya, ongeza udongo. Udongo wa Kinangop si sawa na wa Ol Joro Orok, kwa hiyo jaribio hili usiliruke.

Kwangua ukuta wa zamani kwa tindo mpaka plasta legevu iishe, kisha uloweshe. Piga mstari wa chokaa sakafuni: mbele inchi 30, nyuma inchi 15, na kina inchi 15. Utaona umbo kama karai lililokatwa nusu, pana mbele na jembamba nyuma. Jenga ukuta wa nyuma wima kwa timazi, na pande mbili zikifunguka kuelekea chumbani. Viungo viwe vyembamba, kwa maana kinachoungua upesi ni udongo, siyo tofali. Nafasi inayobaki nyuma ya ukuta mpya ijazwe vipande vya matofali na udongo mpaka juu, usiiache wazi.

Sasa sikiliza vizuri habari za koo la dohani, maana hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Endelea na ukuta wa nyuma mpaka uupite kidogo ukingo wa juu wa mdomo wa zamani. Kati ya ukuta huu mpya na upande wa ndani wa ukuta wa mbele ibaki nafasi ya inchi 4 tu, ikienda upana wote wa meko. Nafasi ikiwa kubwa zaidi, sogeza mbele kidogo kidogo mistari miwili au mitatu ya mwisho ya matofali. Mkono wa mtu lazima upite, ili masizi yaweze kutolewa. Juu ya ukuta wa nyuma, nyuma ya koo hilo, sawazisha udongo uwe kama rafu. Upepo baridi unaoanguka kutoka juu utaipiga rafu hiyo na kugeuka, badala ya kuingia chumbani na moshi.

Mdomo wenyewe unateremshwa kwa bati nene lililokatwa katika pipa, likishikwa na misumari ya saruji au vyuma viwili, mpaka ile alama ya mkaa uliyoipiga. Pipa lililowekewa petroli au mafuta lisikatwe kwa moto wa kuchomelea, kwa kuwa mvuke wake hulipuka. Likatwe kwa tindo, nalo limejazwa maji. Rangi ya pipa iunguzwe nje ya nyumba kwanza, watu wakikaa mbali na moshi wake. Bati la mabati ya paa halifai, kwa sababu lina zinki, nalo likipata moto sana hutoa moshi wenye sumu.

Sakafu iliyo mbele ya meko iwe ya matofali au mawe kwa inchi 18 au zaidi, hasa kama nyumba yako ina sakafu ya mbao. Weka pia kizuizi cha wavu wa chuma mbele ya moto. Mtoto anayetambaa hajui moto ni nini, na kovu la moto halitoki.

Acha kazi ikauke majuma mawili. Baada ya hapo washa moto mdogo wa vijiti kwa siku nne au tano, ukiongeza kila siku. Aliye na haraka akawasha gogo siku ya kwanza atayaona matofali yake yakiachana kabla ya usiku wa manane.

SURA YA NJE

Sehemu ya nje ni rahisi. Ukuta unaozunguka meko ukipakwa chokaa nyeupe mara mbili au tatu, kila mara nyepesi kama maziwa, chumba kizima kitakuwa na mwanga. Mpako wa udongo mwekundu wa kienyeji nao unapendeza. Rangi ya mafuta haifai karibu na joto. Hunuka na kubambuka. Ubao wa juu wa kuwekea picha na saa uwe futi moja au zaidi juu ya mdomo.

Lakini jihadhari na mambo mawili. Rangi za zamani huenda zina risasi ndani yake, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Usiikwangue ikiwa kavu. Iloweshe, ukusanye mabaki, uyazike mbali na kisima. Na ukikuta ubao wa kijivu wa asbestosi nyuma ya meko au kuzunguka dohani, usiuvunje wala kuukata kwa msumeno. Uulize kwa afisa wa afya kwanza.

KUNI, MAKAA NA MAJIVU

Kuni nzuri kwa meko haya ni muwati na mkaratusi, zikiwa zimepasuliwa na kupangwa chini ya paa lenye upepo kwa miezi sita au zaidi. Zile utakazozichoma Julai zipasuliwe kabla ya Krismasi. Saipresi huwaka upesi na kurusha cheche, kwa hiyo iwe ya kuwashia tu.

Nimesikia watu wakisema kwamba jiko la makaa ni bora kuliko taabu hii yote, kwa kuwa makaa hayana moshi. Hayana moshi unaoonekana. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu wala rangi, na familia nzima imeweza kulala nayo isiamke. Usilale na jiko la makaa chumbani, hata kama umeliweka katikati ya meko, hata kama dirisha moja liko wazi.

Wakati wa joto, meko yasipotumika, ziba koo kwa gunia lililojazwa nyasi ili joto la nyumba lisitoke usiku. Mwachie gunia mkia wa kitambaa chekundu unaoning'inia mahali panapoonekana, upate kulikumbuka kabla ya kuwasha moto wa kwanza. Wala usizibe kabla majivu hayajapoa kabisa, kwa maana makaa yaliyofunikwa na majivu hutoa sumu ile ile mpaka asubuhi.

Majivu yatolewe kwa ndoo ya chuma yenye kifuniko, yawekwe nje, mbali na ukuta wa mbao, kwa siku mbili. Makaa hukaa hai ndani ya majivu kuliko unavyodhani. Yakiisha kupoa, nyunyiza kidogo shambani penye mboga, au tupa konzi moja chooni kupunguza harufu na nzi. Kwenye viazi usiyatie, maana huongeza ugonjwa wa upele kwenye ngozi ya kiazi.